Avatar, Mke Wangu na Majani Chai ya Kericho

Najua niliahidi kwamba safari hii tungeendelea na somo la hifadhidata, lakini naomba mnivumilie. Kuna jambo limenikaa kichwani tangu Jumamosi moja ya mvua, na nisipoliandika sitaweza kuandika jingine. Linahusu filamu ya Avatar. Naam, ile ya watu warefu wa rangi ya samawati. Wengi wenu mliiona zamani, na hata mimi niliiona zamani. Ila nimeiona tena, mara hii nikiwa na mke wangu, na ilipoisha tukagundua kwamba kila mmoja wetu alikuwa ameona filamu yake.

Tunaishi Kericho mjini, katika nyumba ya kupanga. Nilikuwa nimenunua projekta ndogo ya mtumba na nilikuwa natafuta kisingizio cha kuijaribu. Mke wangu hakuwa ameiona Avatar hata mara moja. Nikamwambia, "Leo utaona kazi ya kompyuta." Nikafunga mapazia, nikaielekeza projekta kwenye ukuta mweupe wa sebule, nikaunganisha laptopu na spika, tukakaa na chai yetu ya maziwa.

Saa nzima ya kwanza mimi ndiye niliyeongea. Nilimwonyesha jinsi mwanga unavyopenya kwenye masikio ya wale watu. Nilimweleza kwamba msitu ule wote, majani yanayong'aa usiku na milima inayoelea hewani, haupo popote duniani. Mwishowe akasema, "Wewe, hebu niache nitazame." Nikanyamaza. Mvua ya mawe ikaanza kupiga mabati, nami nikaongeza sauti ya spika.

Tukafika pale ndege za kampuni zinapouzingira ule mti mkubwa ambao ndio makao ya ukoo mzima. Makombora yanalipuka kwenye shina. Mti unalia, unainama, unaanguka, na watu wanakimbia kwenye majivu wakiwa wamebeba watoto.

"Simamisha," akasema.

Nilidhani anataka kujaza kikombe. Lakini hakuinuka. Alikuwa akiutazama ukuta, picha ikiwa imeganda.

"Hii ni Gwassi," akasema. "Kogo alizaliwa huko."

Kogo ni nyanya kwa Kikipsigis. Mke wangu ni wa ukoo wa Talai. Nilijua hivyo tangu tulipokuwa wachumba, na jina la Gwassi nilikuwa nimelisikia kwao mara mbili tatu. Lakini ninakiri kwamba sikuwahi kuuliza zaidi. Jioni ile niliuliza. Ndiyo maana makala ya leo ina historia mbili: moja ya picha, ambayo mimi ndiye niliyeitazama, na moja ya ardhi, ambayo yeye ndiye aliyeiona.

Nianze na ile ninayoijua vizuri.

James Cameron aliandika wazo la Avatar mwaka 1994, kurasa 80 hivi, kisha akaliweka kabatini kwa sababu kompyuta za wakati ule zisingeliweza. Alichokuwa anakitaka ni viumbe ambao si watu lakini wana nyuso zinazoweza kubeba huzuni na hasira. Kilichompa moyo ni Gollum katika sehemu ya pili ya Lord of the Rings, iliyotoka 2002. Gollum alichorwa na kampuni ya Weta Digital ya Wellington, New Zealand, na hao hao ndio waliopewa kazi kubwa ya Avatar.

Waigizaji walivaa nguo za kubana zenye alama, na kamera nyingi kuzunguka ukumbi zikasoma jinsi alama hizo zilivyosogea. Mbele ya uso wa kila mmoja kulikuwa na kamera ndogo iliyoshikwa na kofia, ikifuata macho, mdomo na kope. Cameron mwenyewe alitembea akiwa ameshika kioo kidogo, na ndani yake aliona papo hapo si waigizaji bali Pandora yenyewe, kwa picha duni kama ya mchezo wa kompyuta. Picha safi ilikuja baadaye, na hapo ndipo seva zilipotoa jasho. Weta walitumia seva zaidi ya 4,000 zenye viini vya prosesa karibu 35,000, na data iliyohifadhiwa ilifika petabaiti moja.

Tufanye hesabu kidogo, maana bila hesabu sitakuwa mimi. Filamu ina dakika 162. Kila sekunde ni picha 24. Hiyo ni picha 233,280. Kwa kuwa ilitengenezwa kwa macho mawili, ya kulia na ya kushoto, zidisha mara mbili: 466,560. Sasa chukulia kwamba filamu nzima ingechorwa na laptopu yangu, na kwamba laptopu yangu ingemaliza kila picha kwa saa moja tu, jambo ambalo ni ndoto. Ingehitaji zaidi ya miaka 53 bila kuzimwa, na bila stima kupotea.

Filamu ilitoka Desemba 2009 na ikawa filamu iliyoingiza pesa nyingi kuliko zote duniani. Mwaka 2010 ilipata tuzo tatu za Oscar, moja ikiwa ya madoido ya picha. Mimi niliiona mwaka huo huo nikiwa na miaka kumi na miwili, katika kibanda cha video karibu na mashamba ya chai, kwenye televisheni ya inchi 21, kutoka DVD ya kunakiliwa iliyokuwa ikikwama. Tulikuwa watoto kama thelathini kwenye mabenchi. Mti mkubwa ulipoanguka tulishangilia! Tulipiga makofi na miluzi kwa sababu mlipuko ulikuwa mkubwa. Hili sikumwambia mke wangu siku ile. Nimemwambia baadaye.

Hiyo ndiyo historia ya picha. Sasa ya ardhi.

Chai ilipandwa Kenya kwa mara ya kwanza mwaka 1903 huko Limuru. Kericho ilikuja baadaye. Ardhi ya Wakipsigis ilianza kugawiwa walowezi miaka ya mwanzo ya utawala wa Waingereza. Baada ya Vita Vikuu vya Kwanza, mwaka 1919, ekari 25,000 za Kericho zilitengwa kwa ajili ya maafisa wa jeshi la Uingereza waliojeruhiwa vitani. Mpango ulikuwa walime kitani, mmea wa nyuzi za kufumia nguo. Bei ya kitani ikaanguka muda mfupi baadaye na mpango ukafa. Ardhi haikurudi kwa wenyewe. Katikati ya miaka ya 1920 iliingia mikononi mwa kampuni za chai: Brooke Bond, na African Highlands iliyokuwa ya James Finlay. Ule ukijani laini unaouona ukipita barabarani kuelekea Bomet, kama zulia lililokatwa kwa makasi, una umri wa miaka mia moja tu. Kabla ya hapo palikuwa na msitu, malisho na boma za watu.

Na Talai? Talai ni ukoo wa orgoiyot, kiongozi wa kiroho aliyeulizwa kabla ya vita, kabla ya kupanda na kabla ya jambo lolote zito. Wanandi walikuwa nao na Wakipsigis pia. Koitalel arap Samoei, aliyeongoza Wanandi kupinga reli na utawala wa Waingereza, alipigwa risasi na Meinertzhagen tarehe 19 Oktoba 1905, katika mkutano uliodaiwa kuwa wa amani. Ndugu yake, Kipchomber arap Koilegen, aliyekuwa kwa Wakipsigis, alipelekwa uhamishoni mwaka 1914. Hata hivyo watu waliendelea kuwasikiliza Talai kuliko walivyomsikiliza mkuu wa wilaya. Mwaka 1934 serikali ya kikoloni ikatunga sheria mahususi ya kuuondoa ukoo mzima. Watu wapatao 700, wazee, akina mama na watoto, wakapelekwa Gwassi, kando ya Ziwa Victoria, katika eneo ambalo leo liko kaunti ya Homa Bay. Palikuwa na joto, mbung'o na malaria. Watu waliozoea baridi ya Kericho na maziwa ya ng'ombe wao wakapelekwa mahali ambapo ng'ombe hafugiki.

Walikaa huko hadi karibu na uhuru, wakaruhusiwa kurudi mwaka 1962. Kogo wa mke wangu alirudi akiwa msichana. Anasema mama yake alikuwa amemsimulia kila kitu kuhusu nyumbani: mto uko wapi, mti gani uko wapi, boma la nani linapakana na la nani. Alirudi akiwa na ramani kamili kichwani, na hakuna hata kitu kimoja kwenye ramani hiyo kilichokuwepo.

Mimi kazi yangu ni data. Ninajua kiashiria kinachoelekeza mahali pasipo na kitu ni nini, na ninajua programu hufanya nini ikikutana nacho. Huanguka. Kogo hakuanguka. Alitafuta kibarua, akaishi kwenye kipande kidogo nje ya mji, akalea watoto saba.

Hayo yote mke wangu alinieleza filamu ikiwa imesimama na feni ya projekta ikivuma. Kisha akasema kitu ambacho ndicho kilichonifanya niandike. "Wewe unaniambia huu msitu haupo. Mimi naona msitu uliokuwepo."

Si yeye wa kwanza kuiona hivyo. Januari 2010 Evo Morales, aliyekuwa rais wa Bolivia, aliisifu filamu hiyo kama kioo cha mapambano ya watu wake. Mwezi uliofuata vijana wa Kipalestina katika kijiji cha Bil'in walijipaka rangi ya samawati, wakavaa kama watu wa Pandora, wakaandamana kupinga ukuta. Huko Odisha, India, watu wa Dongria Kondh walikuwa wanapinga mgodi wa boksiti katika mlima wao mtakatifu wa Niyamgiri, na watetezi wao wakamwandikia Cameron waziwazi wakimwomba msaada. Mwaka 2013 mahakama kuu ya India iliamua kwamba vijiji vyenyewe ndivyo viamue. Vijiji vyote 12 vilivyoulizwa vikasema hapana.

Basi tukaendelea kutazama. Mke wangu alikuwa na malalamiko yake, nami niliyaona ni ya haki. Kwa nini anayewaokoa ni askari wa kampuni hiyo hiyo, aliyejifunza lugha yao kwa miezi mitatu kisha akawa bingwa kuliko waliozaliwa nayo? Nilicheka. Nikamwambia mwaka wenyewe wa filamu, 2154, ni kichekesho kikubwa zaidi. Cameron aliutafuta mwaka wa mbali sana ili tuamini safari za nyota. Lakini sheria ya ardhi ya kikoloni ya 1915 iliruhusu walowezi kukodishwa ardhi kwa miaka 999. Ongeza: 1915 na 999 ni 2914. Yaani mwaka ule watu wanapofika Pandora, karani wa Nairobi aliyetia sahihi mkataba wa namna hiyo angekuwa bado ana miaka 760 kibindoni. Mtunzi wa hadithi za kubuni alishindwa na karani! (Katiba ya 2010 ilipunguza mikataba ya wageni hadi miaka 99, katika mwaka ule ule tulipokuwa tunapiga miluzi kwenye kibanda.)

Kisha tukafika mwisho, na hapo zamu ikawa yangu.

Mnakumbuka filamu inavyoisha. Kampuni imeshindwa. Watu wake wanapangwa foleni, wanasindikizwa kwa mitutu hadi kwenye chombo, warudi walikotoka. Wachache waliochaguliwa wanaruhusiwa kubaki. Mke wangu alipiga makofi, na si kwa mzaha. Mimi nilikuwa kimya. Akageuka akaniangalia, akaelewa kabla sijasema.

Mimi si Mkipsigis. Baba yangu alitoka Kisii akaja kuchuna majani chai, akilipwa kwa kilo. Nilizaliwa katika nyumba za kampuni, nikatibiwa katika zahanati ya kampuni, na karo yangu hadi chuo kikuu ilitoka kwenye kikapu kilichokuwa mgongoni mwake. Mwanzoni mwa 2008, baada ya uchaguzi, watu wa makabila mengine walishambuliwa katika mashamba ya chai na nyumba zikachomwa. Nilikuwa na miaka kumi. Nakumbuka foleni. Nakumbuka godoro letu juu ya lori na mama akihesabu watoto wake. Tulirudi baadaye, wengine hawakurudi.

Kwa hiyo mke wangu anaposema "ardhi yetu," anamaanisha Gwassi na Kogo. Mimi nikisikia "ardhi yetu," mwili wangu unasikia lori. Maneno ni yale yale. Na filamu ya Cameron, pamoja na seva zake 4,000, haina nafasi ya mtu kama baba yangu. Kuna kampuni na kuna wenyeji, basi. Hakuna mchuna chai, mtu aliyeletwa na kampuni, asiyemiliki hata kichaka kimoja, lakini ambaye watoto wake hawana kwingine wanakokuita nyumbani.

Tulizungumza hadi usiku. Nisiwadanganye kwamba tulikubaliana kwa yote. Lakini aliniambia jambo ambalo sikuwa nimeliwaza. Alisema walioandika malalamiko yao hawakuomba foleni ya mtu yeyote. Nikayasoma tena, na ni kweli kwamba mlengwa mkuu ni serikali ya Uingereza. Mwaka 2019 Tume ya Taifa ya Ardhi iliona kwamba madai ya Wakipsigis na Talai yana msingi. Mwaka huo huo watu zaidi ya 100,000 walitia sahihi malalamiko yaliyopelekwa kwa wataalamu wa haki za binadamu wa Umoja wa Mataifa, na mwaka 2021 wataalamu hao walieleza wasiwasi wao mkubwa. Agosti 2022 wakaishtaki Uingereza katika Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu. Mfalme Charles alipozuru Kenya mwishoni mwa Oktoba 2023 alizungumzia huzuni na majuto juu ya maovu ya ukoloni, lakini hakuomba radhi rasmi. Wakati huo mashamba yenyewe yanaendelea kubadilisha wenyewe. Kati ya 2023 na 2024 mashamba ya Finlay, na yale yaliyowahi kuwa ya Brooke Bond na Unilever, yalitangazwa kuuzwa kwa Browns ya Sri Lanka.

Na wachunaji? Mei 2023 mashine za kuchuna chai zilichomwa hapa Kericho na watu waliokuwa wanalilia kazi zao. Mashine moja hufanya kazi ya watu wengi. Katika filamu, shujaa analivunja buldoza macho yake ya kamera kwa jiwe, nasi tukamshangilia. Mimi ambaye riziki yangu ni kuandika maagizo ya mashine, nilishangilia pia. Nadhani mnaona ninapokwama.

Wiki mbili baadaye tulikwenda kwa Kogo, na nikabeba projekta. Tulimwonyesha dakika ishirini hivi kwenye shuka, mke wangu akimtafsiria. Alizitazama rangi zile kwa furaha kama mtoto. Aliwapenda farasi wa miguu sita. Mti ulipoanguka hakulia wala hakusema "Gwassi." Aliuliza tu, "Hao watoto walilala wapi usiku huo?"

Nilitafuta jibu kwenye filamu. Ipo picha yao wamekusanyika chini ya mti mwingine mtakatifu, wakiomba. Nikamwambia, "Kogo, walilala nje, chini ya mti."

Akatikisa kichwa. "Na mvua?"

Nimeirudia sehemu ile mara tatu. Katika picha zote 233,280, usiku ule hakuna mvua.

Kwa leo naishia hapa. Somo la hifadhidata litarudi wiki ijayo, Mungu akipenda.